Msimamo na Kura: Funzo la Milima ya Uluguru

Kiongozi anayepata madaraka kwa kura hudaiwa mambo mawili ambayo mara nyingi hupatana, lakini siku yanapogongana ndipo uongozi wake hupimwa. Hudaiwa afuate kile anachoamini, baada ya kuuchunguza ukweli, kuwa ni haki na manufaa kwa umma, na hudaiwa pia asiwapuuze waliomweka, ambao baada ya miaka mitano watapanga foleni upya kuamua hatima yake. Akishika dai la kwanza pekee, wafuasi wake humwita mwenye msimamo na wapinzani humwita mkaidi. Akishika la pili pekee, leo huitwa mtu wa watu, na kesho mambo yakiharibika huitwa mlaghai. Ni sehemu chache za Tanzania zinazoonyesha mgongano huu waziwazi kama Morogoro, kwa sababu Milima ya Uluguru imekwisha kuongozwa na watu wasioomba kura kabisa, na imekwisha kuongozwa na watu wasioweza kuisahau kura hata siku moja, na athari za tawala zote mbili zimebaki kwenye udongo na mito yake.

Milima hiyo, ambayo kilele chake cha Kimhandu hupita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, huupokea upepo wenye unyevu utokao Bahari ya Hindi na kuugeuza mvua, na mvua hiyo ndiyo inayoilisha mito ya Mgeta, Mvuha, Mfizigo na hatimaye Ruvu, ambao maji yake huchotwa na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini na kupelekwa Dar es Salaam. Upande wa magharibi, Mto Ngerengere huingia katika Bwawa la Mindu linalotegemewa na mji wa Morogoro. Wakati huohuo, miteremko ya Matombo, Kinole na Mgeta ni makazi ya wakulima wanaopanda ndizi, mahindi, maharage, mpunga wa mlimani, viungo na mboga katika mashamba ambayo mengine yamesimama wima kiasi kwamba mlimaji hulima huku uso wake ukikaribia kugusa ardhi iliyo mbele yake. Mkulima huyo anahitaji shamba msimu huu, ilhali mkazi wa bondeni anahitaji msitu usimame na udongo usiporomoke. Tofauti yao kisiasa ni kwamba mkulima ana kura katika jimbo linalohusika, mkazi wa Dar es Salaam anaipiga kura yake kwingine, na mtoto atakayeyahitaji maji hayo baada ya miaka 30 bado hana kura popote.

Wataalamu wa siasa hulieleza tatizo hili kwa kutofautisha aina mbili za uwakilishi. Katika aina ya kwanza mbunge au diwani ni mjumbe, yaani mtu aliyetumwa kupeleka maneno ya waliomtuma bila kuyaongeza wala kuyapunguza. Katika aina ya pili ni mdhamini, yaani mtu aliyekabidhiwa amana ili aitunze kwa akili na dhamiri yake, hata pale wenye amana wasipopendezwa na uamuzi wake. Mtetezi mashuhuri wa aina ya pili ni Edmund Burke, mbunge wa Uingereza, ambaye mwaka 1774 aliwaeleza wapiga kura wa Bristol kwamba hakuwa na deni la bidii tu kwao, bali pia la kutumia busara yake mwenyewe. Miaka sita baadaye, alipoona kwamba wapiga kura wale wamekwisha kumchoka, alijitoa katika kinyang'anyiro cha jimbo hilo. Kisa cha Burke hutajwa kama ushahidi kwamba msimamo una gharama, lakini hakijibu swali gumu zaidi, ambalo ni nini kinachotokea pale mtu anapoutekeleza msimamo wake bila kuwa na wapiga kura wowote wa kumhoji.

Matuta ya lazima

Jibu la swali hilo liliandikwa Uluguru katika miaka ya 1950, wakati Uingereza ilipokuwa ikiitawala Tanganyika kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Maofisa wa kikoloni waliona kwamba mvua kali, miteremko mikali na desturi ya kuchoma moto mashamba vilikuwa vinauondoa udongo wa juu na kuijaza mito tope, na katika hilo hawakukosea. Kuanzia mwaka 1950 serikali ilianzisha mpango mkubwa wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ambao uliwataka wakulima waache kuchoma mashamba na wachimbe matuta ya ngazi, yaani vipande vya ardhi tambarare vinavyokatwa kwenye mteremko kimoja juu ya kingine ili maji ya mvua yapungue kasi na udongo ubaki shambani. Kazi hiyo haikuwa ya hiari, kwani ilitungiwa sheria ndogo kupitia mamlaka za wenyeji, na aliyekaidi alifikishwa barazani na kuadhibiwa.

Kosa la kwanza la mpango huo lilikuwa la kitaalamu, nalo huonekana vizuri mtu anapolitazama tuta lenyewe. Katika sehemu nyingi za Uluguru udongo mweusi wenye rutuba ni tabaka jembamba, na chini yake kuna udongo mwekundu usio na chakula cha kutosha kwa mimea. Anayekata ngazi pana kwenye mteremko mkali huufukia ule mweusi na kuuleta juu ule mwekundu, na maharage yanayopandwa hapo msimu wa kwanza hutoka dhaifu. Mkulima aliyelazimishwa kuifanya kazi hiyo nzito, kisha akavuna pungufu kuliko jirani yake asiyechimba, hakuhitaji mwanasiasa wa kumweleza kwamba kuna jambo haliendi sawa. Huko Mgeta, ambako kilimo cha mboga za kuuza kilikuwa kimeshika mizizi na wakulima walikuwa na ngazi zao ndogo walizozizoea, wazo la kukata mteremko halikuwa geni, lakini upande wa mashariki, wenye mazao na udongo wa namna nyingine, lilipokelewa kama adhabu.

Kosa la pili lilikuwa la kiutawala. Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama na ardhi yao iligawiwa na wakuu wa koo, hawakuwa na mtawala mmoja wa milima yote. Walikuwa na viongozi wa koo na waganga wa mvua wenye heshima kubwa, akiwemo Kingalu wa Kinole. Waingereza walijenga juu ya mfumo huo ngazi za masultani na wasaidizi waliolipwa mshahara na serikali, hivyo kiongozi mwenyeji akawa anawajibika kwa aliye juu yake na si kwa ukoo uliomzaa. Alipoamriwa kusimamia matuta, hakuwa na nafasi ya kurudi kwa bwana shauri, yaani ofisa wa kikoloni wa wilaya, na kusema kwamba watu wamekataa na sababu zao zina mashiko. Habari za kweli hazikupanda kwenda juu, na amri pekee ndizo zilizoteremka, huku wananchi wakizidi kuhofu kwamba ardhi ikishatengenezwa itachukuliwa na Wazungu.

Mwezi Julai 1955 hasira hiyo ililipuka. Umati wa wananchi waliokuwa wakiyapinga matuta ulikabiliana na viongozi na polisi huko Matombo, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akapoteza maisha. Baada ya ghasia hizo serikali ililegeza kamba na mpango wa lazima ukafa. Chama cha TANU, kilichoanzishwa mwaka uliotangulia na ambacho miongoni mwa waasisi wake 17 alikuwemo Chifu Patrick Kunambi wa Morogoro, kilipata katika malalamiko hayo uwanja wa kuonyesha kwamba watu wanaotawaliwa bila kuulizwa hawawezi kuaminishwa hata lile lililo jema. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba nchi ingestawi kama viongozi wangeachwa wafanye lililo sahihi bila bughudha ya uchaguzi wanapaswa kukumbuka kwamba utawala wa namna hiyo ulikuwepo, ulikuwa na wataalamu, fedha na nia ya kuokoa udongo, na bado ulishindwa kwa sababu hakukuwa na njia ya amani ya kuwaambia watawala kwamba wamekosea.

Jembe na nyumba

Uhuru wa Desemba 1961 uliwaleta madarakani watu waliokuwa wametetea haki ya mkulima kukataa, na sasa walipaswa kumwomba mkulima yuleyule akubali kodi, kazi za maendeleo na uhifadhi. Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, ili akakijenge chama kati ya wananchi, jambo linaloonyesha kwamba aliutambua mwanya uliokuwa ukifunguka kati ya ofisi ya serikali na kijiji.

Uchaguzi wa mwaka 1965, uliokuwa wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, ulibuni utaratibu wa kipekee wa kuuziba mwanya huo. Kwa kawaida kila jimbo lilipata wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua, na wagombea walisimama katika mikutano ya pamoja iliyoandaliwa na chama, wakikatazwa kujinadi kwa rangi, kabila au dini. Kwa kuwa sera ilikuwa moja, kilichobaki mezani kilikuwa tabia na utendaji wa mtu. Matokeo yaliwashangaza wengi, kwani Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha na kiongozi mwenye jina kubwa katika ushirika wa wakulima wa pamba, alishindwa katika jimbo lake Kanda ya Ziwa, ilhali huko Morogoro wapiga kura ambao wengi wao walikuwa Waafrika walimchagua Amir Jamal, mwenye asili ya Asia, dhidi ya mgombea Mwafrika. Jamal ndiye aliyekabidhiwa Wizara ya Fedha baada ya Bomani.

Matukio hayo mawili yakitazamwa pamoja huondoa dhana iliyozoeleka kwamba mpiga kura hutazama tumbo na damu tu. Wizara ya Fedha kwa asili yake ni wizara ya kukataa maombi, na anayeishika hana zawadi nyingi za kugawa jimboni. Hata hivyo wakazi wa Morogoro walimpima Jamal kwa kazi yake na si kwa ngozi yake. Upungufu wa utaratibu huo ulikuwa mahali pengine: mwananchi aliweza kumwondoa mbunge, lakini hakuweza kuiondoa sera, kwa kuwa chama chenyewe hakikuwa kwenye karatasi ya kura.

Upungufu huo ulirekebishwa kwa uamuzi ambao nao ni mfano mzuri wa msimamo kushinda hesabu ya vichwa. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikusanya maoni ya wananchi mwaka 1991, na takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wakataka chama kimoja kiendelee. Tume hata hivyo ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 Katiba ikabadilishwa, kwa hoja kwamba haki ya wachache kujipanga kisiasa haipaswi kusubiri wingi, na kwamba wengi wa waliotaka mfumo wa zamani uendelee walitaka pia urekebishwe. Tofauti ya uamuzi huo na ule wa matuta haiko kwenye idadi ya waliopinga, kwa sababu katika yote mawili waliopinga walikuwa wengi; iko katika ukweli kwamba Tume ilisikiliza kwanza, ikachapisha hoja zake, na ikapendekeza mfumo unaomruhusu mwananchi kuwaadhibu walioupitisha.

Mtu anayetafuta mfano wa msimamo mkoani Morogoro humkuta pia Edward Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki katika ajali ya gari Aprili 12, 1984 huko Dakawa akitokea Dodoma, na ambaye jina lake lilipewa Chuo Kikuu cha Kilimo kilicho chini ya Uluguru. Vita yake ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, yaani walioshutumiwa kuficha bidhaa na kuendesha magendo, ilimjengea sifa ya uadilifu ambayo haijafifia. Pamoja na hayo, sheria iliyotumika iliwapeleka watuhumiwa kwenye baraza maalumu nje ya mahakama za kawaida, na mwaka uliofuata ikabidi itungwe sheria nyingine iliyorejesha mashauri hayo kwenye njia ya mahakama. Hata msimamo unaopendwa na watu, kwa hiyo, unahitaji kizuizi.

Muda wa kura na muda wa msitu

Katika Morogoro ya leo mvutano umehama kutoka kwenye matuta ya lazima hadi kwenye vyanzo vya maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mwaka 2008 misitu ya Uluguru ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Utekelezaji wa hatua hizo, hata hivyo, humwangukia diwani, mwenyekiti wa kijiji na mbunge, ambao kila mmoja anajua kwamba kaya inayoondolewa kwenye bustani ya kando ya mto itakumbuka jambo hilo siku ya kura, wakati mkazi wa bondeni ambaye bomba lake halikukauka hatajua kamwe kwamba kuna mtu wa kumshukuru. Hasara ya uhifadhi huonekana mara moja na ina jina la mtu, ilhali faida yake huchelewa na husambaa kwa watu wengi wasiofahamiana. Hiyo ndiyo sababu kubwa inayowafanya hata viongozi wema waahirishe, na si ubaya wa tabia pekee.

Uamuzi wa mwaka 2019 unaonyesha jinsi ilivyo vigumu kwa mtu wa nje kutenganisha nia ya haki na nia ya kura. Januari mwaka huo Rais John Magufuli aliagiza kusitishwa kwa zoezi la kuviondoa vijiji zaidi ya 300 vilivyoelezwa kuwa ndani ya maeneo ya hifadhi nchini, na baadaye serikali ikatangaza kwamba vijiji 920 kati ya 975 vilivyohusika na migogoro ya ardhi vitabaki. Mwananchi mmoja anaweza kuusoma uamuzi huo kama haki kwa watu walionyimwa ardhi kwa muda mrefu, na mwingine akakumbusha kwamba uchaguzi mkuu ulikuwa Oktoba 2020. Kwa kuwa moyo wa kiongozi hausomeki, kipimo kinachofaa zaidi ni kutazama kama uamuzi umeambatana na mipaka mipya iliyopimwa, sababu zilizochapishwa na usimamizi unaoendelea baada ya kura kuhesabiwa. Uzito wa suala lenyewe ulidhihirika mwishoni mwa mwaka 2022, wakati maji ya Ruvu yalipopungua kwa ukame na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao.

Mvutano huo huzidishwa na fedha za uchaguzi. Sheria iliwahi kuruhusu takrima, yaani wagombea kuwakirimu wapiga kura wakati wa kampeni, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta ruhusa hiyo mwaka 2006, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi ili kudhibiti matumizi. Mgombea aliyeingia kwa kanga, pilau na nauli za wapambe ana deni la kurudisha, na ana kila sababu ya kupendelea mradi unaoonekana kabla ya uchaguzi kuliko ule utakaozaa matunda baada ya yeye kustaafu. Chama nacho hushika ufunguo, kwa sababu anayefukuzwa uanachama hupoteza ubunge, na Tanzania haijamruhusu mgombea binafsi ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua mwaka 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki. Mbunge mwenye msimamo, kwa hiyo, huwahofu wapiga kura mara moja katika miaka mitano, lakini vikao vya chama huvihofu mwaka mzima.

Kibungo Juu

Kama tatizo ni kwamba gharama hubebwa mlimani leo na faida hupatikana bondeni kesho, basi ufumbuzi wa kudumu ni kupunguza umbali huo badala ya kumsubiri kiongozi shujaa. Jaribio la namna hiyo lilifanyika Uluguru kuanzia mwaka 2006, katika eneo la Kibungo Juu, ambako mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango wa kuwalipa wakulima kwa huduma ya kutunza maji. Wanunuzi wa huduma hiyo walikuwa watumiaji wakubwa wa maji ya Ruvu, wakiwemo DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji jijini Dar es Salaam, na kiwanda cha vinywaji cha Coca-Cola. Mkulima aliyeingia kwenye mpango kwa hiari yake alichagua njia ya kuhifadhi shamba lake, na miongoni mwa njia hizo zilikuwemo kupanda miti, kilimo mseto, makinga maji ya fanya juu na matuta ya ngazi.

Kwamba matuta yaliyoleta mauti mwaka 1955 yalichimbwa kwa mikono ya hiari milimani humohumo nusu karne baadaye ni jambo linalostahili kufikiriwa na kila anayeomba uongozi. Mteremko ulikuwa uleule na sayansi ya mmomonyoko ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba mkulima aliulizwa, alikuwa na haki ya kukataa, alisaidiwa kwa utaalamu unaolingana na udongo wake, na alipata malipo kutoka kwa wanaonufaika. Mpango ulikuwa mdogo, na uliendeshwa na mashirika yenye fedha za wafadhili, si na halmashauri au Bunge, ndiyo maana haukuweza kuenea milima yote. Kuugeuza kuwa sheria, ili sehemu ya ankara ya maji ya mjini irudi kwenye vijiji vya vyanzo, ni kazi ya wanasiasa, na ni kazi ambayo diwani wa Matombo anaweza kuinadi kwa wapiga kura wake bila kuisaliti dhamiri yake, mradi mbunge wa Dar es Salaam awe na ujasiri wa kuwaeleza wapiga kura wake mwenyewe kwa nini ankara itaongezeka kidogo.

Ujasiri huo wa kueleza ndio unaotenganisha msimamo na ubabe, na ndio pia unaotenganisha usikivu na woga. Ofisa wa mwaka 1955 alikuwa na hoja nzuri akakataa kuijadili. Mwanasiasa anayefumbia macho bustani za kando ya mto kila uchaguzi unapokaribia anayo hoja hiyohiyo, na yeye pia haijadili, kwa sababu tofauti. Wote wawili wamemdharau mwananchi, mmoja kwa kudhani hawezi kuelewa na mwingine kwa kudhani hawezi kuvumilia. Mpiga kura anayetaka kuepuka aina zote mbili hana haja ya kuuliza kama mgombea ana msimamo, kwa maana kila mgombea atasema anao. Amuulize ni jambo gani lenye gharama atakalolifanya, nani atalilipia, faida yake itamfikia nani na lini, kisha akumbuke majibu hayo miaka mitano baadaye. Pale ambapo maswali hayo yanaulizwa hadharani katika mikutano ya kampeni, kiongozi anayeyajibu kwa ukweli hahitaji kuchagua kati ya dhamiri yake na kura.